Paka na sungura chini ya paa moja: Linda wanyama wako, linda jamaa yako

Juma hili tunazungumzia jambo ambalo huenda likakushangaza kulikuta katika ukurasa wa siha, nalo ni ufugaji wa paka na sungura katika nyumba moja. Utauliza, daktari wa binadamu ana shughuli gani na paka na sungura? Jibu ni kwamba wanyama hawa wanapokosana, anayeletwa kwangu si paka wala sungura. Huletwa mtoto aliyejaribu kuwaamua, mkono umefura na hawezi kukunja vidole. Huletwa mfanyakazi wa nyumbani aliyekwaruzwa akisafisha kizimba. Huja pia mama mjamzito aliyeambiwa na jirani kwamba paka atamharibia mimba, naye hajui kama amtupe paka au ampuuze jirani.

Maswali haya yamekuwa mengi, hasa kutoka kwa wakazi wa mitaa ya magharibi mwa jiji la Nairobi kama vile Lavington, Kileleshwa na Kilimani. Sababu yake si ngumu kueleza. Lavington ilikuwa mtaa wa nyumba moja moja zilizozungukwa na nyua pana zenye miti ya maparachichi na michongoma. Paka alizurura uani na sungura alikaa kizimbani nyuma ya jikoni, mara nyingi chini ya uangalizi wa vijana wa nyumba, kwani katika sehemu nyingi za nchi yetu sungura amekuwa mfugo wa watoto tangu zamani. Wanyama hao wawili walijuana kwa mbali tu. Siku hizi nyumba nyingi za aina hiyo zimebomolewa na mahali pake pamejengwa majumba ya ghorofa, hasa kandokando ya barabara kama Gitanga na James Gichuru. Watoto bado wanataka paka, na bado wanataka sungura, lakini umbali uliokuwa ukiwatenganisha wanyama hao umetoweka. Sasa wote wawili wamo sebuleni, au mmoja yumo sebuleni na mwenzake yumo roshanini.

Je, waweza kuishi pamoja kwa usalama? Naam, yawezekana, na zipo nyumba ambamo paka na sungura hulala ubavu kwa ubavu. Hata hivyo, jambo hilo halitokei lenyewe. Lina masharti yake.

MAUMBILE YA WAWILI HAWA

Paka wa nyumbani ametokana na paka-mwitu wa Afrika, mnyama ambaye hadi leo anapatikana katika nyika zetu. Maelfu ya miaka ya kulala karibu na meko haijamwondolea silika ya kuwinda. Wengi hudhani kwamba paka aliyeshiba hana hatari. Hilo si kweli. Kwa paka, njaa ni jambo moja na kuwinda ni jambo jingine. Kinachomwamsha ni kitu kidogo kinachokimbia, hata akiwa ametoka tu kumaliza sahani ya nyama.

Sungura naye si yule Sungura mjanja wa hadithi, anayempiga chenga Fisi na kumhadaa Simba. Yule wa hadithi ni sungura wa porini wa huku kwetu. Huyu wa kizimbani, awe mweupe wa New Zealand, wa California au lile pande la sungura liitwalo Flemish Giant, asili yake ni Uhispania na Ureno, na huko porini huishi ndani ya mashimo. Ujanja wake ni mmoja tu, kukimbilia shimoni. Akikosa shimo hubakia na meno ya mbele na teke la miguu ya nyuma. Tena sungura anaweza kufa kwa hofu bila hata kuguswa. Asipokufa papo hapo, hofu humfanya aache kula, na sungura asiyekula matumbo yake husimama kufanya kazi. Sungura aliyepitisha saa 12 bila kula wala kutoa kinyesi ni mgonjwa wa dharura.

Sasa tazama tatizo lilivyo. Mmoja huamshwa na kitu kinachokimbia, na mwingine kinga yake ni kukimbia. Sungura akitimka kwa woga, anamwita paka amfuate. Kwa hiyo kazi yako wewe mwenye nyumba ni kuhakikisha kwamba sungura hapati sababu ya kutimka, na kwamba akitimka ana pa kujificha.

NANI AKAE NA NANI?

Si kila paka anafaa kukaa na sungura. Wanaoelekea kuelewana upesi ni kitoto cha paka na sungura mkubwa aliyekomaa. Kitoto hicho hukua kikimwona sungura kama mwenye nyumba, na teke moja au mawili humfunza adabu. Sungura wa New Zealand aliyekomaa huwa na uzani wa kilo 4 hadi 5, ambao ni sawa na paka mkubwa au humzidi. Hata hutokea kwamba sungura ndiye anayemwonea paka na kumfukuza kitini.

Paka mzima aliye mtulivu, ambaye hana mazoea ya kuleta ndege na panya mlangoni, anaweza pia kuzoeshwa, ingawa itachukua muda mrefu zaidi. Lakini ikiwa paka wako ni mwindaji hodari, usimletee sungura mdogo wala wale sungura wa kimo kifupi wanaouzwa kama vichezeo vya watoto. Na vitoto vya sungura visiwe kabisa mahali anapoweza kufika paka yeyote, hata awe mpole namna gani. Vitoto hivyo huzaliwa bila manyoya, na macho yao hufunguka baada ya siku 10 hivi. Kwa paka, hao hawana tofauti na panya.

Jambo jingine ni kuwahasi. Paka dume asiyehasiwa huzurura, hupigana na kurudi nyumbani na majeraha na maradhi ya mitaani. Sungura asiyehasiwa huwa mkali, hukojoa kila pembe, na wakati mwingine hujaribu kumpanda paka, jambo ambalo paka halipendi na hulijibu kwa kucha. Sungura jike hubeba mimba kwa muda wa mwezi mmoja tu, na asipofungwa kizazi huwa katika hatari kubwa ya kupata saratani ya tumbo la uzazi anapozeeka. Kwa kawaida upasuaji huu hufanywa mnyama akiwa na umri wa miezi minne hadi sita. Sungura dume huendelea kuwa na uwezo wa kuzalisha kwa majuma kadhaa baada ya kuhasiwa, kwa hivyo usiharakishe kumrudisha kwa jike.

HARAKA HARAKA HAINA BARAKA

Kosa linalofanywa na wengi ni kumleta mnyama mpya siku ya Jumamosi, kumweka katikati ya sebule, na kuwaita watoto waje watazame urafiki ukianza. Mara nyingi kinachoanza hapo ni vita. Tenga majuma matatu hadi sita, na ufuate hatua hizi:

1. Juma la kwanza wasionane kabisa. Mgeni akae katika chumba chake, mlango umefungwa, akiwa na chakula, maji na mahali pa kujisaidia. Azoee nyumba kwanza kabla ya kuwazoea wenyeji.

2. Kisha wabadilishane harufu. Mpanguse paka kwa kitambaa kikavu, ukiweke karibu na sungura, na ufanye vivyo hivyo kwa upande wa pili. Wanyama hawa hujuana kwa pua kabla ya macho. Kila mmoja apewe kitu anachokipenda wakati anaponusa kitambaa hicho, ili harufu ya mwenzake imkumbushe mambo mazuri.

3. Hatua ya tatu ni kuonana kupitia wavu imara wa waya, kila mmoja akila upande wake. Anza kwa dakika 5, uongeze polepole. Paka asikae kutwa nzima mbele ya kizimba akimkodolea macho sungura. Kwa sungura, kutazamwa hivyo ni mateso hata kama hakuna anayemgusa.

4. Wakizoeana hivyo kwa siku kadhaa bila fujo, wakutane chumba kimoja ukiwepo. Kucha za paka ziwe zimepunguzwa ncha. Paka avae mkanda wa kifuani wenye kamba, na sungura awe na sanduku la kuingilia lenye milango miwili, ili asinaswe ndani. Paka awe amekula na kucheza kabla ya mkutano.

5. Hata baada ya miezi mingi ya urafiki, usiwaache peke yao unapokwenda kazini au kulala. Sharti hili la tano ndilo linalosahauliwa mapema zaidi, na ndilo linaloua sungura wengi.

Kila hatua ikiharibika, rudi nyuma hatua moja. Usimpige paka. Paka anayechapwa kila amwonapo sungura hujifunza kwamba sungura ndiye anayemletea kichapo.

WASEMAVYO BILA MAUTI

Fundisha kila mtu nyumbani, pamoja na watoto, kusoma dalili za wanyama hawa. Paka aliyejikunja chini kifua kikigusa sakafu, macho yameganda, ncha ya mkia inatikisika na makalio yanayumbayumba, anajiandaa kuruka. Mwite jina, mtupie mpira, au weka mto kati yao. Usiingize mkono.

Sungura anayegonga sakafu kwa mguu wa nyuma anatoa onyo la hatari. Aliyelaza masikio mgongoni na kutoa macho ana hofu. Anayesaga meno kwa nguvu, amejikunyata pembeni na hataki kula, huenda ana maumivu. Kinyume chake, sungura aliyejinyoosha ubavuni miguu nyuma, au anayeruka hewani na kujipinda, ana furaha. Paka anayempa mgongo sungura na kuanza kujilamba naye amemzoea. Huo ndio mwanzo wa amani.

KIZIMBA NA NYUMBA YENYEWE

Kizimba cha sungura si adhabu, ni shimo lake. Kiwe cha mbao na wavu madhubuti, matundu madogo yasiyopitisha mguu wa paka, na komeo ambalo paka hawezi kulisukuma. Ule waya mwembamba wa kuku haufai. Ndani yake kuwe na chumba cha giza ambamo sungura hawezi kuonekana. Sakafu ya waya mtupu humchubua nyayo, na vigae vinavyoteleza humtegua miguu, kwa hivyo tandika mkeka au nyasi kavu.

Wenye kuishi katika nyumba zenye uani wakumbuke kwamba paka wako si adui wa pekee. Wapo paka wa mitaani, wapo nguchiro, wapo mwewe ambao hutanda angani Nairobi mzima, na wapo siafu. Siafu wakivamia kizimba usiku, sungura aliyefungiwa hana njia ya kutoroka. Simamisha miguu ya kizimba ndani ya mikebe yenye maji au oili chafu ya gari, na uhakikishe kwamba hakuna tawi wala kamba inayogusa kizimba na kuwapa daraja.

Wanaoishi ghorofani wasimweke sungura katika roshani inayochomwa na jua la mchana. Sungura hastahimili joto; kikipita kiasi cha nyuzi 28 hivi huanza kutaabika. Upepo baridi wa Julai nao humdhuru akikosa kinga. Meno yake hukua maisha yake yote, kwa hivyo hutafuna kila kitu, zikiwemo nyaya za umeme. Zipandishe juu au uzipitishe ndani ya mifereji ya plastiki. Paka naye apewe mahali pa juu pa kukaa, kama rafu au dirisha lenye kinga, ili atazame dunia yake bila kulazimika kukaa mbele ya kizimba.

CHAKULA NA DAWA: HAPA NDIPO PENYE HATARI KUBWA

Paka ni mla nyama, na mwili wake hauwezi kuishi kwa majani wala ugali mtupu. Sungura ni mla nyasi. Sehemu kubwa ya chakula chake yafaa iwe nyasi kavu, kama ile aina iitwayo boma Rhodes inayouzwa katika maduka ya bidhaa za mifugo, ikifuatwa na majani mabichi yaliyooshwa. Karoti ni kama peremende kwake, apewe kipande kidogo tu. Walishwe mbalimbali. Sungura akila chakula cha paka chenye nyama na mafuta, matumbo yake huharibika.

Wakazi wa Lavington na vitongoji vyake wenye miparachichi uani wawe waangalifu, kwani parachichi na majani yake ni sumu kwa sungura. Na maua ya yungiyungi, yanayopendwa sana katika mashada ya sherehe, huua paka kwa kuharibu figo, hata akilamba tu unga wa maua uliomwangukia manyoyani. Ukiwa na paka, usiyaingize nyumbani.

Sasa sikiliza kwa makini kuhusu dawa. Nyumba nyingi zina kabati lenye tembe zilizobaki, na mwenye huruma hushawishika kumpa mnyama. Usifanye hivyo. Tembe moja ya parasetamoli, ile tunayomeza kwa kuumwa na kichwa, yatosha kumuua paka. Amoksilini na ampisilini, dawa tunazowapa watoto kila siku, zikipitia kinywani mwa sungura huua bakteria wema wa matumbo yake na kumuua naye. Dawa za viroboto pia si za kushirikiana. Dawa ya mbwa yenye permethrini huua paka, na dawa ya paka yenye fipronili huweza kumuua sungura. Kwa kuwa paka na sungura hulambana wanapozoeana, mpake mmoja dawa na umtenge na mwenzake hadi ikauke, na mweleze daktari wa mifugo kwamba una wanyama wa aina mbili.

Iwapo paka amemng'ata au amemkwaruza sungura, hata kama jeraha ni dogo kama tundu la sindano, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Mdomoni mwa paka mna bakteria iitwayo Pasteurella, ambayo humwangusha sungura kwa muda mfupi. Wakazi wa sehemu hizi wana bahati kwamba Kitivo cha Tiba ya Mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Upper Kabete, si mbali nao, na vilevile wapo madaktari wa kibinafsi wanaotibu wanyama wadogo. Uliza mapema ni yupi mwenye uzoefu wa sungura, kwani si wote waliozoea kuwatibu.

SIHA YA WATU WA NYUMBANI

Tuje kwa upande wangu. Maradhi yanayoweza kutoka kwa paka na sungura kumfikia mtu si mengi, na mengi huzuilika kwa sabuni na maji.

La kwanza ni toksoplasma. Hiki ni kimelea ambacho paka hupata kwa kula panya, ndege au nyama mbichi, kisha hukitoa katika kinyesi kwa muda wa majuma machache. Mama akiambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito, mtoto aliye tumboni anaweza kudhurika macho au ubongo, au mimba kutoka. Kimelea hiki pia ni hatari kwa mtu ambaye kinga ya mwili wake imeshuka sana, kama vile mwenye virusi vya UKIMWI ambaye hajaanza matibabu. Lakini hiyo si sababu ya kumtupa paka. Kinyesi cha paka hakiambukizi papo hapo. Huchukua siku moja hadi tano kabla ya kimelea kukomaa. Beseni la mchanga likisafishwa kila siku, hatari hupungua mno. Mama mjamzito asilisafishe yeye. Kama hana budi, avae glavu na anawe mikono kwa sabuni. Na akumbuke kwamba watu wengi hupata kimelea hiki kwa kula nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa.

Hapa nataka kusema na waajiri. Katika nyumba nyingi, anayesafisha beseni la paka na kizimba cha sungura ni mfanyakazi wa nyumbani. Yeye pia anaweza kuwa mjamzito, tena bila wewe kujua. Mnunulie glavu, mweleze hatari yenyewe kwa lugha nyepesi, na umwambie wazi kwamba akiwa mjamzito atapumzishwa kazi hiyo bila kuadhibiwa. Asiyejua hatari hawezi kujikinga nayo.

Hakikisha pia kwamba paka hajisaidii katika nyasi za sungura. Sungura akila nyasi zilizochafuliwa naye huambukizwa. Nyasi ziwekwe ndani ya pipa lenye kifuniko.

La pili ni choa, ule ugonjwa wa ngozi unaotokea kwa miduara inayowasha. Paka na sungura wote huweza kuwa nao na kuwapa watoto. Ukiona mtoto ana miduara kichwani na mnyama ananyonyoka manyoya, watibiwe wote wawili, la sivyo mtakuwa mkizunguka mbio.

La tatu ni minyoo na viroboto. Mayai ya minyoo ya paka yakiingia tumboni mwa mtoto anayecheza mchangani, viluwiluwi vyake huweza kusafiri hadi kwenye jicho. Mpe paka dawa ya minyoo kwa ratiba ya daktari wa mifugo, na ufunike mahali pa mchanga wa kuchezea. Viroboto navyo hueneza bakteria inayosababisha homa ya mkwaruzo wa paka, ambapo tezi za kwapani au shingoni huvimba majuma kadhaa baada ya mtu kukwaruzwa.

La nne ni pumu na mzio. Watu wengi hulaumu manyoya, lakini kinachosumbua hasa ni chembechembe za mate na ngozi ya mnyama zinazoelea hewani. Sungura pia anazo, na vumbi la nyasi kavu huongeza taabu. Kama mtoto wako ana pumu, zungumza na daktari wako kabla ya kununua mnyama. Wanyama wasilale chumbani mwake.

UKIUMWA AU KUKWARUZWA

Meno ya paka ni membamba kama sindano. Tundu la nje huonekana dogo na husahauliwa upesi, kumbe bakteria zimepandwa ndani karibu na mfupa na viungo. Mkono huweza kufura na kuwa mwekundu kabla ya saa 24 kupita. Fanya hivi:

Osha jeraha mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, ukitazama saa. Usipake majivu, mafuta ya taa wala pilipili, na usilifunge kwa kulikaza. Kisha nenda hospitalini siku hiyo hiyo, hasa jeraha likiwa mkononi, usoni au karibu na kiungo, ama mwenye kuumwa akiwa mtoto, mzee au mwenye ugonjwa wa kisukari. Huenda ukahitaji antibiotiki na sindano ya pepopunda.

Mweleze daktari pia kama paka huyo amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Jina la ugonjwa huu huwapotosha watu, kwani hata paka huupata na kuueneza. Nchini Kenya ulithibitishwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1912, kwa mbwa aliyepatikana viungani mwa Nairobi, na mnamo 2014 serikali ilianzisha mpango wa kuuangamiza kufikia mwaka wa 2030. Dalili zake zikishajitokeza kwa mtu, karibu kila mgonjwa hufa. Lakini akioshwa jeraha na kupewa chanjo mapema, huokolewa. Ratiba ya sindano hizo imalizwe yote, hata jeraha likiwa limepona. Sungura ni nadra mno kupatikana na ugonjwa huu, lakini paka anayetoka nje ya nyumba ni sharti achanjwe kuanzia umri wa miezi mitatu, na chanjo irudiwe kwa wakati.

Watoto nao wafundishwe kanuni moja: wanyama wakipigana, mkono hauingii kati. Watupe blanketi juu ya paka, waweke beseni au ubao katikati, kisha wamwite mtu mzima.

LINI UWATENGANISHE KABISA?

Kuna paka ambao hawazoei. Kama baada ya miezi miwili paka wako bado ananyatia kizimba kila siku, au sungura amepungua uzani, anajinyonyoa manyoya, au haliwi tena bila kumtazama mlangoni, kubali kwamba wawili hao hawaelewani. Kila mmoja apewe chumba na zamu yake ya kutembea, au mmoja atafutiwe nyumba nyingine. Usimtupe mtaani wala msituni. Sungura wa kufugwa hawezi kumaliza juma huko, na Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, humlinda. Shirika la kutetea wanyama, KSPCA, lililoko Karen, huweza kukupa ushauri.

Kumbuka pia kwamba paka huweza kuishi miaka 15 na zaidi, na sungura miaka 8 hadi 12. Mtoto anayeomba sungura leo akiwa darasa la tatu huenda akawa chuoni sungura huyo akiwa bado hai. Je, ni nani atakayekisafisha kizimba wakati huo? Lijibu swali hilo kabla ya kutoa pesa.

Mwisho, chukua karatasi uibandike jikoni. Andika nambari ya simu ya daktari wa mifugo, nambari ya hospitali iliyo karibu nawe, tarehe ya chanjo ya paka, na jina la mtu mwenye zamu ya kusafisha beseni kila siku. Yeyote atakayekuwa nyumbani siku ya ajali, awe mtoto au mfanyakazi, aweze kuisoma na kujua la kufanya.